SIM800L inajizima ikitafuta mtandao

Ndugu, kama unavyosema, modemu yako ya SIM800L (kifaa kidogo cha kuunganisha na mtandao wa simu) inajibu "OK" kisha inajizima ikianza kutafuta mtandao. Acha kuhangaika na programu. Hapo umeme hautoshi. SIM800L hutaka volti 3.4 hadi 4.4, na inaporusha mawimbi huvuta hadi ampea 2 kwa kufumba na kufumbua. Pini ya 5V ya Arduino Uno (bodi ndogo inayoiongoza modemu) haifai kabisa: volti zimezidi, ampea chache.

Tumia betri ya lithiamu ya volti 3.7 (ikiwa imevimba, usiiguse), waya mfupi mnene, na kapasita (huhifadhi umeme kidogo wa akiba) ya mikrofaradi 1000 jirani na modemu. GND (pini za hasi) zote ziungane. TX (pini ya kutuma data) huenda RX (ya kupokea), ila TX ya Uno ipitishe kwenye rezista mbili za kiloomu 10 zigawe volti 5 kuwa 2.5, la sivyo utaiunguza modemu polepole.

Halafu tuma AT+CSQ, amri ya kuuliza nguvu ya mawimbi. Ikirudisha 99, yaani mawimbi hayajulikani, kagua antena kabla ya kulaumu laini.