Mwanga unafika dhaifu upande mmoja: je, mkongo ubadilishwe?

SWALI: Mimi ni msimamizi wa mtandao katika chuo kimoja mkoani Morogoro. Mwaka jana tulilaza mkongo wa nyuzi za mwanga, kilomita 1.8, kati ya jengo la utawala na maktaba, nasi tunatumia nyuzi mbili, mmoja wa kwenda na mwingine wa kurudi. Tangu tulipohamisha kabati la vifaa katika jengo la utawala, mawasiliano yanakatika na kurudi. Swichi ya maktaba inapokea −8 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga: kadiri namba inavyoshuka chini ya sifuri, ndivyo mwanga unavyokuwa dhaifu), lakini ya utawala inapokea kati ya −19 na −23. Moduli zetu, yaani vipande vya kutuma na kupokea mwanga vinavyochomekwa kwenye swichi, ni za gigabiti 1 na za umbali wa kilomita 10, na zote mbili zinatoa takriban −6 dBm. Fundi anashauri mkongo wote ubadilishwe, au tununue moduli za kilomita 80 ili mwanga uwe na nguvu zaidi. Tufuate ushauri upi?

JIBU: Ndugu msomaji, nakuomba usitoe fedha kwa lolote kati ya hayo mawili kabla hujafanya kazi ya saa moja nitakayoieleza, kwa kuwa vipimo ulivyoleta mwenyewe vinaonyesha kwamba mkongo wako, kwa uwezekano mkubwa sana, ni mzima.

Tuanze na hesabu. Mwanga wa nanomita 1310 ukipita katika uzi wa modi moja (aina ya uzi mwembamba wa masafa marefu) hupungua kwa takriban desibeli 0.35, kipimo cha upotevu, kila kilomita, hivyo kilomita zako 1.8 zinakula desibeli 0.63 tu. Weka nusu desibeli kwa kiungio cha paneli (ubao wa matundu ambako mkongo huishia) katika kila jengo, na desibeli 0.1 kwa kila mahali nyuzi zilipoungwa kwa kuyeyushwa, tuseme mahali patatu, na jumla haifiki desibeli 2. Moduli inayotoa −6 inatakiwa isomeke karibu na −8 upande wa pili, na ndicho maktaba inachokipokea. Utawala inaposhuka hadi −23 imepoteza desibeli 15 zaidi, maana yake inapata kama sehemu moja tu kati ya thelathini ya mwanga uliopaswa kuifikia. Moduli nyingi za aina yako zimehakikishiwa kufanya kazi hadi takriban −20, na ndiyo sababu mawasiliano yanakatika na kurudi badala ya kufa kabisa.

Nyuzi zote mbili zimo katika ganda moja. Jembe, panya au gari zito likiudhuru mkongo, ni nadra uzi mmoja uumie na jirani yake ubaki bila hata desibeli moja kupotea. Isitoshe, tatizo lilianza mlipohamisha kabati, yaani mikono ilipogusa ncha za nyuzi.

Njia ya mwanga katikati ya uzi ina kipenyo cha takriban mikromita 9, wakati unywele wa mtu ni kama 70. Chembe ya vumbi usiyoweza kuiona inatosha kuziba sehemu kubwa ya njia hiyo. Niliwahi kuitwa katika hospitali moja ambako mkandarasi alikuwa ameshaandaa makisio ya kuchimba mtaro upya. Nilipoiweka konekta, yaani ncha ya kuchomekea, chini ya hadubini niliona mistari ya alama ya kidole imelala juu ya kioo, ya mafuta, wazi kama muhuri. Tulifuta mara moja kwa kalamu ya kusafishia, tukachomeka, na kipimo kikapanda kutoka −21 hadi −8.

Basi fanya hivi. Zima moduli zote mbili kwanza, kwa kuwa mwanga huu hauonekani kwa macho lakini unaweza kuyadhuru. Chomoa kamba fupi za kuunganishia, kagua kila ncha kwa hadubini, isafishe kwa kalamu kavu, kisha ikague tena. Uchafu uliogandama utumie kitambaa kisichotoa nyuzinyuzi chenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, kisha ukaushe. Shati na pumzi ya mdomo huongeza uchafu. Usisahau upande wa ndani wa paneli na tundu la moduli, maana konekta safi ikichomekwa kwenye tundu chafu huchafuka papo hapo.

Ukiwa hapo, tazama rangi. Konekta ya buluu ina uso ulionyooka, na ya kijani ina uso uliokatwa kwa mshazari wa digrii 8. Zikikutanishwa, nyuso hazigusani vizuri na mwanga mwingi hupotea. Kamba ya kijani iliyookotwa stoo siku ya kuhamisha kabati inatosha kuleta shida yako yote.

Chunguza pia nyuma ya kabati kama kamba imebanwa na mlango au kukazwa mno kwa vifungo vya plastiki. Uzi wa kawaida usikunjwe kwa nusu kipenyo cha chini ya milimita 30. Mkunjo hujitambulisha kwa urahisi: pima kwa nanomita 1310, kisha 1550, na ukiona upotevu wa 1550 ni mkubwa zaidi, tafuta mahali ulipokunjwa.

Hali isipobadilika, badilishana nyuzi mbili kwenye paneli za majengo yote mawili, bila kugusa kamba upande wa moduli. Udhaifu ukihamia maktaba, kosa liko kwenye uzi au ncha zake. Ukibaki utawala, ni kamba fupi au moduli. Kosa likiwa kwenye uzi, hapo tu ndipo inapohitajika OTDR, kifaa kinachoonyesha mwanga unapotea umbali gani ndani ya uzi, tena ikiwa na uzi wa kutangulia (kipande kinachowekwa mbele ya uzi unaopimwa) ili konekta ya kwanza ionekane. Hata ikionyesha upotevu katikati ya njia, panafunguliwa mahali hapo na kuungwa upya.

Kuhusu moduli za kilomita 80, kwa kawaida hutoa kati ya 0 na 5 dBm kwa nanomita 1550, na kipokezi chake hakitakiwi kupata zaidi ya takriban −3. Kwenye njia yako ya kilomita 1.8, uzi ule mzima utakizidishia mwanga tangu siku ya kwanza, na ule wenye shida utafuata siku utakaposafishwa. Usizinunue.

Ukimaliza, andika vipimo vipya vya pande zote mbili pamoja na tarehe, uvibandike ndani ya mlango wa kabati, ili fundi ajaye aanze na namba hizo kabla ya kugusa kitu.