Uliza Fundi: IST inakata pumzi mlima wa Isyonje, niiongezeeje pawa?

SWALI: Fundi shikamoo. Mi nipo Uyole, Mbeya, nina Toyota IST ya 1.5 otomatiki, imetembea km 168,000. Nilivyokuwa nayo Dar ilikuwa inachomoka vizuri tu ila toka nihamie huku nikipanda Isyonje na watu wanne na viazi gunia mbili nyuma inakata pumzi kabisa, hadi Coaster zinanipita. Fundi mmoja kasema nitoe masega (kile kisafisha moshi cha kwenye egzosti) nifunge egzosti kubwa, mwingine kasema niweke ea klina ile ya wazi, shemeji yangu yeye anasema ichezewe kompyuta ya injini. Nina laki sita. Nianze na kipi? Ndaga fijo.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kabla hujatoa hata mia jua kwanza pawa imeenda wapi. Injini isiyo na turbo (kile kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kila ukipanda mita 300, na Mbeya mjini tupo kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo ile injini yako ya 1NZ yenye farasi 109 kwenye makaratasi, hapa Uyole imebaki na 90 na kitu, na Isyonje ni juu zaidi. Hewa ni nyepesi, basi. Hakuna egzosti wala ea klina itakayokurudishia hiyo.

Kinachorudishika ni kile ilichopoteza kwa kuchoka, na kwenye gari ya km 168,000 hicho sio kidogo. Mwaka juzi nililetewa IST kama yako, mwenyewe kashanunua egzosti ipo kwenye buti, nikamwambia subiri. Nikatoa plagi ya tatu, pua imelika, nikapitisha geji ikasoma mwanya wa milimita 1.6 wakati inatakiwa 1.1, afu ea klina nikaigonga kwenye tairi likamwagika vumbi jekundu kama unga wa ulezi. Tukaweka plagi mpya nne, ea klina ya kawaida, tukasafisha throtoli (mlango wa hewa wa injini) na ile sensa ya hewa kwa spreya yake (sio petroli, tafadhali, na wala usiiguse kwa kitambaa), tukabadilisha na oili ya gia boksi. Ile egzosti aliirudisha dukani. Laki sita yako ianzie hapo hapo, na plagi nunua kwa mtu unayemwamini maana feki ni nyingi mno.

Fundi akipima kompresheni (mgandamizo wa hewa kwenye silinda) akakwambia injini imekwisha kwa sababu namba ipo chini ya ile ya kwenye kitabu, usikubali haraka. Kwa mwinuko huu geji lazima isome chini, hewa yenyewe ya kukandamiza ni pungufu. Cha kuangalia ni silinda nne zisipishane sana.

Sasa ulichouliza. Ea klina ya wazi inavuta hewa ya moto ya kwenye boneti, na hewa ya moto ni nyepesi zaidi, yaani unaongeza tatizo lile lile, unachopata ni mlio tu. Masega usitoe: kwa 1.5 unapata kidogo sana tena kule juu kwenye mzunguko mkubwa, wakati mlima unaupanda na nguvu ya mzunguko wa kati, afu magari mengi taa ya cheki injini inawaka na moshi wake mnavuta nyinyi na watoto. Kompyuta kwa injini isiyo na turbo ni farasi wachache mno kwa hela nyingi.

Kuna kitu cha bure ambacho wengi hawatumii. Zima O/D (ile gia ya juu ya otomatiki) kabla mlima haujaanza, sio ukishakwama, uiache injini izunguke hadi 4,000 kwenye rpm, nguvu ya kuvuta ya 1NZ ipo kwenye 4,200 pale, mngurumo usikutishe ilimradi oili ipo na haichemshi. Na kama umefunga rimu 17, rudisha 15, rimu nzito na tairi kubwa zinakula pawa kuliko unavyodhani. Pima: chagua nguzo mbili mlimani, mzigo ule ule, saa ya simu ashike abiria, kabla na baada.

Na nakuomba sana, chenji ikibaki weka breki pedi na maji ya breki mapya. Ukishapanda Isyonje unashuka kuelekea Kiwira, na kule nimeshanusa breki zinaungua za watu waliofikiria kupanda tu. Shuka na gia ya 2, mguu upumzike.

SWALI: Nipo Iringa, nina Forester ya turbo, nimeona mtandaoni kidude cha kuchomeka kwenye soketi ya dayagnosisi eti kinaongeza pawa asilimia 30. Nichukue?

JIBU: Usichukue kaka, vingi vya hivyo ukivifungua ndani ni taa za kuwakawaka tu. Lakini wewe ndo yule ambaye kuchezea kompyuta kuna maana kwake, kwa sababu turbo inasukuma hewa yenyewe na huku juu haiumii kama wenzake. Ila ichezewe na mtu mwenye vifaa vya kusoma mchanganyiko wa mafuta na hewa gari ikiwa inatembea, na kabla yake hakikisha mipira ya turbo haivuji, oili haipungui, na haichemshi kabisa ukipanda mlima Kitonga. Ikiwa oili inapungua hata robo lita kwa wiki, hiyo hela peleka kwenye injini kwanza.