Je, kila goti linalouma lina baridi yabisi?

SWALI: Goti langu la kulia linaniuma kwa takriban miezi miwili. Daktari aliniuliza asubuhi hukakamaa kwa muda gani, akalikunja yeye mwenyewe huku akinitaka nilegeze mguu, kisha akapima nyonga ambayo hainiumi kabisa. Hatimaye alisema sina baridi yabisi yenye mchochota, bali maumivu ya kiungo tu. Tofauti ni ipi, na nyonga inahusikaje?

JIBU: Ndugu msomaji, tofauti hiyo ndiyo inayoelekeza matibabu. Kiungo huweza kuuma bila mchochota wowote. Mchochota unapokuwapo, kiungo huvimba, hupata joto, pengine ngozi yake hugeuka nyekundu, na hakikunjiki kama kawaida. Ndiyo maana daktari makini huanza kwa kutazama, kisha hugusa kwa mgongo wa vidole ili kulinganisha joto la magoti yote mawili, na huweza kuibonyeza pia ya goti, yaani kile kifupa cha mbele ya goti, ili kujua kama majimaji yamejaa ndani.

Swali la asubuhi lina uzito kuliko linavyosikika. Ukakamavu unaochukua saa nzima au zaidi kuachia huashiria mchochota, ilhali ule unaokwisha ndani ya nusu saa huelekea zaidi kwenye kuchakaa kwa gegedu, yaani utando laini unaofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo.

Alipolikunja goti mwenyewe, alitaka misuli yako ipumzike. Maumivu yanayotokea mgonjwa anapojikunja kwa nguvu zake, lakini yakatoweka anapokunjwa na mwingine, mara nyingi hutoka kwenye misuli au kano. Yakijitokeza kwa njia zote mbili, chanzo huenda ni kiungo chenyewe.

Kuhusu nyonga, alifanya jambo la busara ambalo wengi hulisahau. Baadhi ya neva zinazoihudumia nyonga hulihudumia goti pia, hivyo ugonjwa wa nyonga huweza kusikika gotini pekee. Kwa watoto hili ni muhimu mno: mtoto anayechechemea na kulalamikia goti asiruhusiwe kurudi nyumbani kabla nyonga yake haijapimwa.

Daktari pia huhesabu viungo na muda. Kiungo kimoja, viungo 2 hadi 4, au 5 na zaidi, kila kundi lina magonjwa yake yanayofikiriwa kwanza, na tatizo lililopita wiki 6, kama lako, huhesabiwa kuwa sugu.

Kwa maelezo yako, sioni sababu ya hofu. Hata hivyo, goti likivimba ghafla, likawa na joto kali na usiweze kulikanyagia, hasa ukiwa na homa, nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama ni usiku. Huenda bakteria wameingia ndani ya kiungo, nao huweza kuharibu gegedu kwa siku chache. Daktari atahitaji kuvuta majimaji kwa sindano na kuyapima kabla ya kuanza dawa, kwa hiyo usimeze antibiotiki zilizobaki nyumbani ukiwa njiani.