Borrow, lend na loan: nani anatoa, nani anapokea?

Mwaka niliokuwa na mtoto anaingia sekondari, niliandika barua ya kuomba mkopo kwenye chama chetu cha akiba na mikopo. Walitaka iandikwe kwa Kiingereza. Nikaandika: "I wish to lend 500,000 shillings." Barua ikarudishwa, kwa sababu nilikuwa nimesema nataka kukikopesha chama. Ada ikachelewa wiki mbili. Tangu hapo maneno haya siyachukulii kirahisi.

Chanzo ni kitenzi chetu kuazima, ambacho huenda pande zote mbili. "Nimeazima jembe", nimepokea. "Niazime jembe", wewe ndiye utoaye. Kile kiambishi kidogo ni- mwanzoni mwa "niazime", chenye maana ya mimi ninayepewa, ndicho kinachoonyesha jembe linaelekea kwa nani. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo, kwa hiyo kazi hiyo kimevipa vitenzi viwili. Ndiyo maana "borrow me your pen" ni kosa, ingawa masikioni mwetu inalingana kabisa na "niazime kalamu yako".

Ukitaka kuandika, basi, weka kuazima pembeni ufikirie kukopa na kukopesha, hata kama kitu chenyewe ni kalamu. Borrow ni kukopa. Lend ni kukopesha. Ile -esha ikijitokeza kichwani, shika lend. Kisha tazama mtu anakaa wapi kwenye sentensi. Borrow humtaka aje na from: "I borrowed a book from Asha." Lend humpokea bila kizuizi, "lend me a book", au kwa to, "lend a book to me". Wakati uliopita ni lent, wala hakuna lended.

Loan ni nomino, mkopo wenyewe. Wamarekani huifanya pia kitenzi, lakini kwenye barua rasmi mimi hubaki na lend.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni rent, maana hapo mambo yanageuka. Sisi tuna kupanga na kupangisha. Wao wana neno moja. "I rent a house" inaweza kusemwa na mpangaji, na mwenye nyumba pia. Kuondoa utata, mwenye nyumba huongeza out: "I rent out two rooms." Uingereza hutumia let, na kibao cha nyumba ya kupangisha huandikwa "To Let". Kama una vyumba na unaandika tangazo kwa Kiingereza, hiyo out usiiache.