Usitume hiyo rekodi kabla hujachungulia koo la ua

Mkuu, iache kwanza hiyo fomu ya kuripoti mimea ya porini. Umeandika kwamba ua ulilopiga picha kule Upper Teesdale, bonde la kaskazini mwa England, fupi, la zambarau, jicho la njano, ni Primula scotica, ua adimu la Uskoti, na kwa kuwa umeshaliona unataka kufuta safari ya visiwa vya Orkney. Hapo kwenye kufuta safari ndipo roho iliponiuma, maana mimi nilifuta.

Ilikuwa miaka mitatu iliyopita, bonde hilohilo, mwezi huohuo wa Mei. Nilimlipa mtu wa kututembeza, mzee mwenye maneno mengi. Akainama kidogo tu, akasema, "Hili ndilo la Uskoti, tazama lilivyo fupi, na rangi ilivyokoza." Programu ya simu nayo ikaitikia. Nikaamini wote wawili. Nikafuta feri ya Scrabster kwenda Stromness, bandari ya Orkney, nauli na malazi vikaenda, pauni 340, na siku zangu za likizo nikazitumia kwingine. Wiki sita baadaye mkaguzi wa rekodi, yule anayehakiki fomu tunazotuma, akaniuliza swali moja tu: uliangalia koo, yaani tundu la katikati, la maua ya mimea mingapi? Nilikuwa na picha moja, ya ua moja, iliyopigwa kutoka juu.

Mama yangu, yuko Tanga, aliposikia pesa zilivyopotea aliuliza kama ua lenyewe linaliwa au linatibu. Nikamwambia, mama, haliko popote duniani isipokuwa pwani ya kaskazini ya Uskoti na visiwa vya Orkney. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi si ungekwenda."

Yule mzee bado ananikera. Kama hakujua, angesema hajui, ningemlipa vilevile. Ufupi si kitu: Primula farinosa, ambayo ndiyo ya kaskazini mwa England, ikipigwa na upepo na kuliwa na kondoo nayo huwa fupi. Rangi ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu wingu likipita tu simu inakupa rangi nyingine. Hata ule unga mweupe chini ya majani usikudanganye, zote mbili zinao. Hilo neno farinosa lenyewe maana yake ni yenye unga.

Kanuni yangu ni hii: piga magoti, chukua kioo cha kukuzia, uchungulie koo la ua. Farinosa ina mimea ya aina mbili. Kwenye mmoja stigma, ncha inayopokea chavua, imechomoza mdomoni kama kichwa cha pini na vifuko vya chavua vimejificha chini. Kwenye mwingine vifuko viko juu na stigma iko chini. Scotica haina mambo hayo. Kila mmea, stigma na vifuko viko kimo kimoja, ndiyo maana inaweza kujichavusha yenyewe bila kungoja mdudu.

Sasa sikiliza hapa, maana nilikosea mara ya pili hapahapa. Niliporudi niliangalia maua kumi, yote ya mmea mmoja! Mmea mmoja hubeba aina moja tu, kwa hiyo ukihesabu maua badala ya mimea hujapima chochote. Tena mmea wenye vifuko juu, ukiutazama haraka kutoka juu, unafanana kabisa na scotica. Angalia mimea kumi iliyoachana hatua kadhaa. Ukikuta aina mbili, si scotica.

Najua wadau watasema mahali peke yake panatosha kuamua, Teesdale si Caithness ya kaskazini mwa Uskoti. Ni kweli, lakini watu hupanda haya maua bustanini na mbegu husafiri, na atakayekwenda Orkney kesho naye anahitaji jicho lililozoea. Majani ni ushahidi wa pili: ya scotica yamepanuka katikati na kingo zake ni laini au karibu laini, ya farinosa yamepanuka kuelekea ncha na yana vimeno vidogo. Ukivuka bahari kwenda Norway mambo yanabadilika, Primula scandinavica nayo ina kimo kimoja kooni, kwa hiyo huko koo peke yake halitakusaidia.

Na usikate ua kwa ajili ya kuchungulia, wala using'oe. Sheria ya Uingereza ya 1981 inakataza kung'oa mmea wa porini bila ruhusa ya mwenye ardhi, na magoti yako hayana gharama.

Feri usiifute. Scotica huchanua Mei na Juni, hupumzika, kisha huchanua tena kuanzia Julai kuingia Agosti, hivyo hata ukichelewa bado unayo nafasi. Jumamosi rudi palepale, utuambie hapa ni mimea mingapi ilikuwa na pini na mingapi haikuwa nayo.