Maswali ya Wasomaji: Mipira ya Kupasha Mikono Kwenye Pikipiki

SWALI: Shikamoo fundi. Mi ni dereva boda hapa Dodoma, kijiwe changu stendi ya Nzuguni, naamka saa tisa usiku ili saa kumi niwe pale kuwahi abiria wanaoshuka kwenye mabasi. Sasa huu mwezi wa sita na wa saba vidole vinakufa ganzi mpaka breki ya mbele siisikii vizuri mkononi. Shemeji yangu kaniletea kutoka nje ile mipira ya kushikia usukani yenye waya ndani, ukiunga umeme inapata moto. Boksi limeandikwa 12V, 36W kwa zote mbili. Pikipiki yangu ni 150 ya kawaida na betri ya 5Ah. Umeme najua kubadilisha balbu tu. Naweza kufunga mwenyewe? Na betri haitaniumbua njiani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza pole na hiyo baridi, watu wa Dar huwa hawaamini ukiwaambia Dodoma alfajiri ya mwezi wa saba inashuka mpaka nyuzi 13 au 14, afu we uko juu ya pikipiki spidi 60 upepo unakupiga, hapo mkono unaganda kweli. Na hilo la breki umelisema vizuri sana, mkono uliokufa ganzi unachelewa kushika breki, kwa hiyo usione kama unatafuta anasa.

Kufunga unaweza. Ila usifungue hata gundi kabla hujajua kama pikipiki yako ina umeme wa kuitosha hiyo kitu. Hapo ndo wengi wanapokosea, wanafunga vizuri kabisa inapendeza, wiki ya pili betri imekufa wanailaumu betri.

Hesabu yake ni ndogo. 36W gawa kwa 12V unapata ampea 3. Betri yako ni 5Ah, maana yake ukiwasha hiyo mipira injini imezimwa, kwa saa moja na nusu hivi imekwisha, na stata itagoma mapema kuliko hapo. Injini ikiwa inaunguruma inabidi magneti izalishe hizo ampea 3 juu ya kuchaji betri, honi, indiketa na taa ya breki. Pikipiki kubwa za safari zina magneti kubwa hazihangaiki, hizi zetu za 125 na 150 hazina ziada kubwa. Halafu angalia taa yako ya mbele, ukivuta resi inang'aa ukiachia inafifia? Kama ndiyo, mara nyingi hiyo taa inakula moja kwa moja kwenye magneti haipiti kwenye betri, kwa hiyo usijidanganye kwamba ukiweka balbu ya LED mbele basi betri itapata nafuu kubwa.

Jaribio langu ni hili, na hata ambaye hajanunua anaweza kulifanya. Tafuta balbu ya 35W ya taa ya mbele na mita ya fundi umeme. Balbu hiyo inakula karibu sawa na mipira yako. Washa pikipiki, ivute resi ya kawaida ya kutembea, pima kwenye betri, inatakiwa usome kama volti 13.5 mpaka 14.5. Sasa iunge balbu kwenye betri, resi ileile, subiri dakika kumi, pima tena. Ikibaki juu ya 13 endelea na kazi. Ikishuka ikawa inacheza 12 na kitu na inazidi kushuka, basi magneti haiwezi, hapo utatumia moto mdogo tu kama swichi yake ina hatua, tena ukiwa unatembea, ukiwa kijiweni unasubiri abiria unazima. Resi ya kusimama ndo inazalisha umeme kidogo kuliko zote.

Kwenye waya naomba unisikilize, usiunge moja kwa moja kwenye betri bila rilei, yaani swichi ndogo inayowashwa na kuzimwa na umeme. Mdogo wangu wa damu alifanya hivyo, akaja kwangu usiku akaingia kula, kaisahau imewaka, asubuhi tukasukuma pikipiki tangu Nkuhungu. Rilei ya pini nne ni bei ndogo dukani kwa spea, na kila pini ina namba yake imeandikwa. Pini ya 30 inatoka chanya ya betri, katikati weka fyuzi ya ampea 5, na fyuzi ikae karibu na betri kabisa ili waya ukichubuka popote mbele yake fyuzi ikatike badala ya waya kuungua chini ya tangi la mafuta. 87 inaenda kwenye swichi ya mipira. 85 inaenda bodi, yaani ethi. 86 unaipa umeme wa waya unaopata umeme ukiwasha funguo tu, mfano ule unaoingia kwenye swichi ya breki. Hapo ukizima funguo na mipira inazima yenyewe hata ukisahau.

Mipira ya zamani ichane na wembe uitoe, sugua usukani kwa spiriti mpaka mafuta yaishe. Utaona mipira yako haifanani matundu, wenye tundu pana ni wa kulia kwa sababu unavaa juu ya lile bomba la plastiki linalovuta waya wa mafuta. Bomba likiwa na vimeno, visugue kwa msasa taratibu mpaka mpira uingie bila kupigwa nyundo, maana ndani kuna nyuzi za moto, ukigonga au ukikata ncha umeua. Gundi iwe ya kuvumilia joto, na upande wa kulia paka kidogo sana, ikichuruzika ikaingia kati ya bomba na chuma cha usukani mkono wa mafuta utaganda.

Hapo kwenye mkono wa mafuta ndo roho yako ilipo. Waya wa mpira wa kulia unazunguka kila ukivuta, uachie ulegevu wa kutosha na usielekee kwenye leva ya breki. Gundi ikishakauka usiku mzima, vuta mafuta mpaka mwisho uachie, lazima urudi wenyewe tak! Fanya hivyo usukani ukiwa kulia mwisho, kushoto mwisho, na katikati. Kisha washa injini, geuza usukani pande zote, resi isipande. Ukivuta ukaona hata kidogo unasita, usibebe abiria siku hiyo, fungua urudie.

SWALI: Mi niko Kondoa, hela ya mipira hiyo sina. Zile kava za kuingiza mikono zinafaa?

JIBU: Zinafaa sana, na hata mwenzako wa Nzuguni nitamshauri aongeze. Mpira unapasha kiganja, upepo unapiga mgongo wa mkono, ukiuzuia upepo umemaliza zaidi ya nusu ya shida. Angalia tu kava isikandamize leva ya breki au klachi ukiwa spidi, na kabla ya kwenda barabarani zoea kutafuta swichi ya indiketa na honi kwa vidole bila kuangalia, na kutoa mkono haraka.

SWALI: Fundi, betri yangu ilikufa nikaitoa kabisa, napiga kiki tu. Naweza kufunga mipira ya moto? Niko Manyoni.

JIBU: Hapana kaka. Bila betri umeme unapanda na kushuka na resi, hiyo mipira haitapata moto wa kueleweka na unaweza kuiunguza. Nunua betri kwanza, afu fanya lile jaribio la balbu hapo juu.