Kuhifadhi jibu la methodi: kazi iko kwenye kulifuta

Ndugu, umeuliza kama methodi jumla() ya klasi yako ya Oda, inayopitia bidhaa zote na kujumlisha bei zake kila inapoitwa, ihifadhi jibu lake ndani ya objekti. Inawezekana, ila pima kwanza. Kujumlisha bidhaa 20 ni kufumba na kufumbua. Hapo kashe, yaani jibu lililohifadhiwa ili lisikokotolewe tena, itakuletea hitilafu tu. Ingekuwa inasoma hifadhidata, ningesema endelea.

Kuhifadhi kwenyewe ni rahisi: uga _jumla unaanza na None (alama ya Python ya "hakuna thamani"), ukiikuta None unakokotoa na kuweka. Shughuli ni kufuta. Methodi ongeza_bidhaa() lazima irudishe _jumla kuwa None, na ondoa_bidhaa() vilevile. Halafu kuna mlango wa uani: ukiitoa nje orodha yenyewe, mtu ataandika oda.bidhaa.append(x) na jumla itabaki ya zamani, kimya kimya. Toa nakala. Hata hivyo bei ya bidhaa moja ikibadilishwa, Oda haitajua, kwa hiyo ni heri bidhaa zenyewe zisibadilike baada ya kuundwa.

Kwenye Python usikimbilie kuweka lru_cache, kipambo cha functools kinachohifadhi majibu, juu ya methodi. Kashe hiyo inashirikiwa na klasi nzima na hushikilia self (objekti yenyewe), hivyo objekti ulizomaliza nazo hubaki kwenye kumbukumbu mpaka zisukumwe na nyingine. Tumia cached_property, nayo ya functools, ipo tangu toleo la 3.8: thamani hukaa ndani ya objekti yenyewe, na kuifuta ni del oda.jumla. Utaiita bila mabano.